Kasha, barua au uvumi: uanze na riwaya ipi ya mapenzi ya nyakati mbili?

Shoga yangu mmoja alinitumia ujumbe wa sauti usiku, watoto wake wamekwisha kulala. "Shoga, nitafutie kitabu cha mapenzi, lakini kiwe na mambo ya kale ndani yake. Nataka mwanamke wa zamani na mwanamke wa leo, halafu wakutane. Na usinipe cha kunifanya nilie tu."

Nikamjibu kwamba vitabu vya namna hiyo ni vingi, ila wanawake wenyewe hawakutani. Mmoja huwa yuko kaburini miaka mingi kabla mwenzake hajazaliwa. Kinachowaunganisha ni kitu kilichobaki: barua, shajara, kishungi cha nywele, jina la ukoo, maneno ya watu. Nikamuuliza, "Wewe unataka waunganishwe na nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema hajui, nimueleze.

Basi nimeketi kumwandikia, na nikaona bora niandike kwa yeyote anayesimama mbele ya rafu akiwa na swali lake. Nitaweka riwaya tatu ubavuni mwa mwenzake, mbili kwa kirefu, na nyingine mbili nitazigusa tu. Zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwisho wa kila hadithi sitaumwaga, lakini mengine itabidi niyaseme, maana bila kusema nani ni mjukuu wa nani hakuna cha kulinganisha.

Mbili za kwanza ni The Map of Love ya Ahdaf Soueif, Mmisri, iliyotoka 1999, na Desertion ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, iliyotoka 2005. Nimezichagua hizi kwa sababu zinafanana kama mtu na pacha wake, halafu zinaachana njia pale pale ambapo msomaji wa mapenzi anaanza kunogewa. Zote mbili zinaanza mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza wameshashika nchi. Katika zote mbili kuna Mwingereza na mtu wa nchi, wanapendana wakati ambapo jambo hilo linawavunjia heshima kwa pande zote. Na katika zote mbili, miaka mingi baadaye kuna mtu wa kizazi kipya anayejaribu kujua ilikuwaje.

Tofauti ni hii: Soueif ametuachia kasha. Gurnah ametuachia uvumi.

Katika The Map of Love, mwaka 1997, Mmarekani kijana aitwaye Isabel anakuta nyumbani kwa mama yake, New York, kasha la safari lililojaa karatasi. Nyingine ni za Kiingereza, nyingine za Kiarabu, na yeye Kiarabu hakijui. Analichukua hadi Cairo kwa Amal, mwanamke wa makamo anayeishi peke yake, aliyeachana na mumewe huko Uingereza na watoto wake wamebaki kule. Amal analifungua kasha. Ndani kuna shajara na barua za Lady Anna Winterbourne, mjane Mwingereza aliyekwenda Misri baada ya mumewe kurudi kutoka vita vya Sudan akiwa amevunjika moyo, akanyong'onyea hadi kufa. Kuna pia maandishi ya Layla, ambaye ndiye bibi yake Amal. Kumbe Isabel ni kitukuu cha Anna, na Amal ni mjukuu wa Layla, na Layla alikuwa wifi yake Anna, dada wa Sharif Basha al-Baroudi. Wanawake wawili wanaokutana Cairo kama wageni wanagundua kuwa ni ndugu.

Uzuri wa riwaya hii kwa msomaji wa mapenzi ni kwamba Anna anasema mwenyewe. Unasoma mkono wake. Unamwona London akiketi kwenye jumba la makumbusho mbele ya picha za John Frederick Lewis, zile za nyumba za Cairo zenye mwanga unaochuja kwenye madirisha ya mbao, anazitazama mpaka zinamtia hamu ya kwenda. Unamwona akivaa nguo za kiume ili asafiri bila maneno ya watu, akatekwa na vijana waliomdhania mwanamume wa Kiingereza, na kuamkia katika nyumba ya Layla. Naipenda sana ile asubuhi ya kwanza. Mateka na mwenye nyumba hawana lugha moja ya kuzaliwa, ila wote wawili wanajua Kifaransa, basi wanazungumza Kifaransa. Na baadaye Sharif naye atazungumza na Anna kwa Kifaransa, maisha yao yote. Mapenzi yao yanaishi katika lugha ambayo si ya mama wa yeyote kati yao, na kila mmoja inabidi atembee nusu ya njia kumfikia mwenzake. Sijakutana na wazo zuri kuliko hilo katika riwaya yoyote ya mapenzi niliyosoma.

Wewe unayesoma Kiswahili utapata ziada nyingine. Soueif anapenda kuonyesha mizizi ya maneno ya Kiarabu. Kuna mahali Amal anamfundisha Isabel mzizi wa q-l-b: kutoka hapo unapata qalb, moyo, na kutoka hapo hapo unapata inqilab, kupinduka kwa serikali, maana moyo ni kitu kinachogeukageuka. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Sisi washairi wetu wana kalbi, na katika usemi wetu wa kila siku tuna mapinduzi, yaliyotoka kwenye kupindua. Mwandishi alikuwa akimweleza Mmarekani. Mimi nilihisi ananieleza mimi.

Sasa uniulize kasoro. Ipo, na ni ya aina hii ya riwaya kwa jumla: nusu ya leo inazidiwa na nusu ya kale. Isabel anampenda Omar, kaka yake Amal, mwanamuziki maarufu anayesafiri dunia nzima akiitetea Palestina, na mapenzi yao yamepauka ukiyaweka karibu na ya Anna na Sharif. Omar hana muda, Isabel ana muda mwingi mno. Aidha kuna kurasa ndefu ambapo watu wamekaa sebuleni wanajadili siasa, wale wa 1900 wakimjadili Lord Cromer, Mwingereza aliyekuwa na amri juu ya Misri, na wale wa 1997 wakijadili serikali yao. Mimi nilizisoma zote kwa hamu. Najua wengine wataziruka. Lakini ukiziruka hutaelewa kwa nini mauaji ya Denshawai yanamuumiza Sharif kiasi kile: Juni 1906, maofisa wa Kiingereza wakaenda kuwinda njiwa kijijini, ugomvi ukazuka, na wanakijiji wanne wakanyongwa. Mume wa Mwingereza anaishije baada ya siku hiyo? Anna anaamkaje kitandani? Hapo ndipo historia inapoingia chumbani kwa wapenzi, na bila zile kurasa za sebuleni ungeona ni habari ya gazeti tu.

Kitu kimoja zaidi kuhusu nusu ya leo, ili nisiidhulumu. Amal mwenyewe, tofauti na Isabel, ni mtu kamili. Anaondoka Cairo kwenda shamba la ukoo wao kule Minya, na kule anakuta wakulima wakihofia sheria mpya inayowarudishia wenye mali nguvu ya kuwatoa mashambani. Sheria hiyo ni ya kweli, ilipitishwa 1992 na ikaanza kufanya kazi Oktoba 1997. Mwanamke aliyekuwa akiishi na karatasi za wafu analazimika kuamua atawafanyia nini walio hai. Mapenzi yake Amal ni hayo.

Desertion inaanza alfajiri. Ni mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya ya leo. Hassanali, mwenye duka, anakwenda msikitini kuadhini, na anaogopa giza, anaogopa mashetani, kila siku anaogopa na kila siku anakwenda. Asubuhi hiyo anaona kivuli kinamjia. Si jini. Ni Mzungu, amedhoofu, anaanguka miguuni pake. Anamchukua mpaka nyumbani. Anaitwa Mamake Zaituni, mganga wa mji, anaitwa na muunga mifupa, na uani kuna mke wa Hassanali, Malika, na dada yake, Rehana.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa chochote katika sura hizo za kwanza. Unaijua ile nyumba. Unajua nani anakaa wapi mgeni akija, unajua dada mtu mzima aliyerudi kwa kaka yake anatazamwaje na majirani. Rehana alikwisha kuolewa na mfanyabiashara kutoka India, mume akapanda jahazi kwa ahadi ya kurudi, asirudi. Hakumwacha kwa talaka, hakufa, hakuandika. Alimtelekeza. Jina la kitabu linatoka huko, na utelekezaji wa kwanza unatokea kabla hadithi haijaanza.

Mzungu huyo ni Martin Pearce. Ofisa wa serikali anakuja kumchukua kwa fujo, kwa kudhani wenyeji wamemwibia; Pearce akipona anarudi kuomba radhi na kushukuru, na hapo anamwona Rehana vizuri. Msomaji wa mapenzi anajiweka sawa kitini. Na hapo hapo Gurnah anakata.

Anakata kweli. Inakuja sura fupi ambapo msimulizi anajitokeza na kukiri kwamba hajui ilitokeaje. Anajua kwamba walipendana, anajua walikwenda kuishi pamoja Mombasa, anajua Pearce alirudi kwao. Lakini ilianzaje? Nani alimwambia nani nini, kwa lugha ipi, mlango upi uliachwa wazi? Hakuna barua. Hakuna kasha. Anabaki kubuni, na anakwambia kuwa anabuni. Halafu tunaruka zaidi ya miaka hamsini hadi Zanzibar ya miaka ya 1950, kwenye nyumba ya walimu wawili na watoto wao watatu: Amin, Rashid na dada yao Farida.

Wapo waliokasirika hapo. Rafiki niliyewahi kumpa kitabu hiki alinirudishia akisema ameibiwa hadithi. Namwelewa. Kama unachotaka ni kuona mkono ukigusa mkono kwa mara ya kwanza, mwaka 1899, uani, kitabu hiki kitakunyima. Lakini sikiliza kinachofuata. Farida anashona nguo nyumbani, na mmoja wa wateja wake ni Jamila, mwanamke mzuri aliyeachika, amemzidi Amin umri kidogo. Amin anampenda. Wanakutana kwa siri. Wazazi wanapopata habari, jibu lao ni jina la bibi yake: huyu ni mjukuu wa yule aliyeishi na Mzungu, watu wake si watu. Rehana hakuacha hata mstari mmoja, lakini watu wa mji wamemweka katika vinywa vyao nusu karne nzima, na siku moja maneno hayo yanatoka na kumpiga mjukuu wake usoni.

Ndiyo maana nasema riwaya hizi mbili ni pacha walioachana njia. Maandishi ya Anna yanamfikia Isabel kama zawadi. Habari za Rehana zinamfikia Jamila kama hukumu. Karne ni ile ile, dola ni ile ile, tofauti ni nani aliyekuwa na kalamu.

Na hili la kalamu si jambo la kubuni. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Zanzibar 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani 1886, kwamba wasichana walifundishwa kusoma na wala si kuandika, na yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa mweupe wa bega la ngamia. Binti wa mfalme, kwa mfupa wa ngamia! Sasa mwazie Rehana, dada wa mwenye duka. Tulikuwa nao waliotunga na kuachia mabinti zao maneno. Mwana Kupona wa huko Lamu alimtungia binti yake utendi mnamo 1858, akiwa mgonjwa, na mpaka leo tunao. Ila ni wosia wa namna mke anavyopaswa kuwa. Moyo wa Rehana wa 1899 hakuna aliyeuandika, na Gurnah amekuwa mwaminifu vya kutosha kutojifanya kuwa ameuokota mahali.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kasha la mbao lenye misumari ya shaba, la aina ile mnayoijua. Alipofariki tulilifungua mimi na mama. Mlikuwa na kanga, nyingine hazijawahi kukatwa, chupa ya marashi iliyokauka ikabaki na duara la kahawia chini, shanga, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa talaka. Jina la mume halikuwa la babu yangu. Mama alikuwa hajui kwamba bibi aliwahi kuolewa kabla. Karatasi pekee ambayo bibi ametuachia iliandikwa na mwanamume aliyemwacha. Nilisoma Desertion mwaka uliofuata, na tangu hapo siwezi kuizungumzia kama kitabu tu.

Kwa hiyo nikilinganisha hizi mbili, natoa hesabu yangu wazi. Kwa utamu wa mapenzi, chukua Soueif. Kwa ukweli wa mapenzi katika jamii kama yetu, chukua Gurnah. Ya Soueif ni nene, zaidi ya kurasa 500, ina majina mengi ya watu na maneno ya Kiarabu yaliyoelezwa nyuma ya kitabu. Weka alama kwenye ule mti wa ukoo, utaurudia mara kwa mara. Ya Gurnah haifiki kurasa 300 na Kiingereza chake ni kitulivu, kinasomeka, lakini ni kizito moyoni. Rashid, yule mdogo, anakwenda Uingereza kusoma muda mfupi kabla ya uhuru wa Desemba 1963, halafu yanatokea Mapinduzi ya Januari 1964, na njia ya kurudi inafungwa. Kuanzia hapo kitabu kinakuwa cha ndugu wawili walioachana kuliko cha wapenzi. Aliyekulia Unguja au ana jamaa wa kule asome akiwa na nafasi, si kwenye daladala.

Tena ukiichukua Desertion, nakushauri uiweke pamoja na Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ambayo ni ya Kiswahili na ina wakati mmoja tu. Zanzibar ni ile ile ya miaka ya 1950, na Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee kisha akampenda Denge, anapita mitaa ile ile anayopita Jamila. Yasmin anatoka nje na kudai lake. Jamila anatazamwa kwa mbali, kupitia macho ya wanaume wawili wa nyumba moja. Ukisoma zote mbili utamjua kila mmoja vizuri zaidi.

Ya tatu ni Possession ya A. S. Byatt, iliyopata tuzo ya Booker 1990. Nimeiweka hapa kwa ajili ya wale wanaopenda upelelezi. Roland, msomi kijana asiye na pesa, anafungua kitabu kizee katika maktaba ya London na kukuta nakala za awali za barua ya mapenzi ya mshairi mkubwa wa zama za Malkia Victoria, Randolph Henry Ash. Barua imeanzwa, ikakatwa, ikaanzwa tena. Roland anazitia mfukoni na kuondoka nazo, yeye ambaye hajawahi kuiba kitu. Anafuata nyayo mpaka kwa Christabel LaMotte, mshairi mwanamke, na kwa Dkt. Maud Bailey, mtaalamu wa LaMotte ambaye pia ni wa ukoo wake.

Hapa kinachounganisha wanawake ni shairi. Christabel aliandika beti kuhusu mwanasesere anayetunza siri. Wasomi wote walizisoma kama beti za watoto. Maud, akiwa amesimama katika chumba alichofia Christabel, kuna baridi, mwanga wa tochi tu, anazikariri kwa sauti na ghafla anaelewa: anainua wanasesere kutoka kitanda chao kidogo, anafunua chini ya godoro, na barua zote ziko pale. Mwanamke aliyekufa amemwachia maagizo mwanamke atakayejua kusoma. Kwa mpenzi wa aina hii ya riwaya, hakuna tukio linalozidi hilo.

Lakini sitakudanganya. Byatt ametunga mashairi marefu ya Ash na ya LaMotte na kuyaweka kitabuni mazima, kurasa kwa kurasa, kwa Kiingereza cha kizamani. Kama Kiingereza unakisoma kwa kujikaza, kitabu hiki kitakuchosha kabla hujafika kwenye mapenzi. Na wapenzi wa leo, Roland na Maud, wanaogopa kupendana kwa sababu wamesoma mno kuhusu mapenzi. Kuna anayeona hilo ni ubaridi. Mimi naona ni kweli tupu, na ndiyo riwaya pekee kati ya hizi tatu ambapo wapenzi wa sasa hawafunikwi na wa zamani. Kuna pia Blanche Glover, mwanamke aliyekuwa akiishi na Christabel, na anayelipa gharama ya mapenzi ya wengine. Mtazame Blanche. Wasomaji wengi wanampita.

Mbili za kugusa tu. Labyrinth ya Kate Mosse, 2005, inamuunganisha Alice, anayejitolea kwenye uchimbaji wa mambo ya kale kusini mwa Ufaransa, na Alaïs, msichana wa Carcassonne mwaka 1209, wakati majeshi ya Papa yalipowashukia Wakathari, Wakristo waliohesabiwa na Kanisa kuwa wazushi. Ni riwaya ya mbio na hatari, ina pango, mifupa, vitabu vya siri. Mapenzi yapo ila yamekaa kiti cha nyuma. Nzuri kwa safari ndefu ya basi. Nyingine ni The Winter Sea ya Susanna Kearsley, 2008: mwandishi anakwenda kukaa karibu na magofu ya kasri la Slains, Uskoti, aandike riwaya ya jaribio la 1708 la kumrudishia kiti mwana wa mfalme aliyepinduliwa, akagundua kuwa anachodhani anakibuni ni kumbukumbu ya bibi yake wa kale, Sophia. Kiungo hapo ni damu yenyewe. Huna budi kukubali kwamba kumbukumbu inaweza kurithiwa; ukikubali, utapata mapenzi matamu kuliko yote niliyotaja, yasiyo na majadiliano ya sebuleni wala mashairi marefu. Usipokubali, kitabu kizima kitaanguka mikononi mwako.

Jambo moja la kusoma nyakati mbili, kabla hujachagua. Watu wengi huanza kuruka: wanachoshwa na mwanamke wa leo, wanapekua mbele kumtafuta wa kale. Kwa Labyrinth unaweza kufanya hivyo na usipoteze mengi. Kwa The Map of Love utapoteza Amal, na bila Amal hakuna anayezisoma zile karatasi. Kwa Desertion haiwezekani kabisa, kwa sababu Rehana ukimwacha humpati tena ukurasa wa mbele kwa jina lake. Unampata katika jinsi mama yake Amin anavyokunja uso.

Basi, shoga yangu, kwa kuwa ulisema usipewe cha kukuliza tu, nimekuanzishia na The Map of Love. Kitakuliza kidogo, sikufichi, ila kwanza utacheka na Layla na utasafiri na Anna. Ukimaliza nitakupa Desertion, na nitakuomba tuisome pamoja, sura kwa sura, jioni ukishawalaza watoto. Ukifika pale hadithi inapokatika, usinirudishie kitabu. Nipigie simu. Ile karatasi ya bibi bado ninayo, nitakuja nayo.